Bomba la Gazetini

Bibi yenu Mastura hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika, anaosha vyombo. Siku gazeti lile lilipofika kijijini aliosha mpaka sufuria la jirani.

Ngojeni, nimeanzia katikati. Enzi zile za ujamaa tulikuwa tumehamishiwa pamoja, huku huku njia ya Msimbati, nyumba zimepangwa mistari, shamba la pamoja, ghala la korosho. Kwenye mlango wa ghala palibandikwa ukurasa wa gazeti unaosema kijiji chetu kina maji ya bomba. Bomba tulikuwa nalo kweli. Maji ndiyo hatukuwa nayo. Aliyebandika ni mwenyekiti wetu Thabiti, mdogo wangu, tumbo moja.

Sasa Thabiti akataka mashamba ya chumvi. Jambo zuri, nani anakula bila chumvi? Ila alitaka kufyeka mikoko yote pale hori, ule mkono wa bahari, inapoingia, na mle ndimo wanawake walimookota kaa na tondo, wale konokono wa kwenye mizizi. Kitoweo cha kijiji kizima kilitoka mle. Ukikata mkoko, tondo ashike nini?

Bibi yenu na wenzake wakaenda mahakama ya mwanzo. Watu wakawacheka. Hakimu akaja mwenyewe kuona, mtu mnene, akavua viatu, akaingia topeni mpaka magotini. Akahukumu pale pale, watu wote tunasikia: mikoko isikatwe, chumvi itengenezwe nyuma yake, kwenye ule uwanda mweupe usioota hata jani. Thabiti alinuna, akakubali. Yakaisha.

Kumbe hayajaisha. Siku ile ya hukumu alikuwepo mwandishi wa gazeti kutoka mjini, Mathayo, yule yule aliyeandika habari ya bomba, kijana mpole tu. Alikula kuku kwa mwenyekiti, akalala kwa mwenyekiti, akatafutiwa lori na mwenyekiti. Kuku simlaumu, hata mimi ningekula. Ila kwa wanawake hakukanyaga.

Gazeti likaja. Sisi gazeti tulilisoma kwenye kisomo cha watu wazima, alasiri, mle ghalani, kidole kwenye herufi, ba be bi bo bu, jasho linatoka kuliko la shambani. Thabiti akasimama akasoma: mahakama imeunga mkono chumvi ya ujamaa, na wachache wanaopinga maendeleo wameonywa. Habari ya mikoko isikatwe, kimya. Habari ya uwanda mweupe, kimya.

Akakunja gazeti. "Kesho maji yakipwa, kila mtu na shoka lake."

"Wewe Thabiti," nikamwambia, "si tulikuwepo wote?"

Jumanne, jirani yetu, ambaye siku ya hukumu ndiye aliyemshikia hakimu viatu, akajikuna kichwa. "Kaka, labda hatukusikia vizuri. Hii imepigwa chapa."

Mnaona? Masikio yake mwenyewe, na hayaamini! Ndivyo tulivyokuwa. Kitu kilichotutoa jasho vile kukisoma, tuliona hakiwezi kusema uongo.

Bibi yenu akaenda zake kuosha vyombo.

Asubuhi wanaume tuko ufukoni, wao na mashoka, mimi na mikono yangu. Mara wanawake hao, kundi zima, kila mmoja na debe tupu kichwani.

"Shemeji, hujambo," Mastura akamwambia Thabiti. "Tumekuja kuchota maji."

"Maji gani, hapa baharini?"

"Ya bomba. Tuonyeshe linapotoka. Gazeti limesema lipo."

"Mastura, usinitanie mbele za watu. Bomba lile halijatoa tone, unajua."

"Mimi nijue nini, shemeji? Mimi mpinga maendeleo. Imepigwa chapa, mimi ni nani hata niseme bomba kavu? Mkeo anajichosha bure kwenda kisimani kule bondeni. Leo tumekuja naye."

Kweli, nyuma yake Zainabu, mke wa Thabiti, akashusha debe mbele ya miguu ya mumewe. "Baba Asha, nijazie."

Jumanne ndiye wa kwanza kucheka, akacheka mpaka akaangusha shoka. "Viatu nilivishika mimi!" akasema. "Na hakimu alisema isikatwe. Alisema!"

"Alisema," wengine wakaitikia. "Alisema, alisema."

Thabiti akaliangalia debe. Mbishi ndugu yangu yule, lakini si mtu mbaya. Akajikaza, ikashindikana, akacheka na yeye. "Haya. Mashoka rudisheni. Leteni majembe, twendeni uwandani."

Chumvi tuliipata huko huko uwandani, na nyeupe kweli. Mathayo alipokuja tena kuiandika, Thabiti akakimbilia kukamata kuku. Mastura akamzuia. "Mgeni huyu safari hii wetu." Akampa kijana debe, akamwonyesha njia ya kisimani. "Nenda baba, ukirudi utakuta tondo zimeiva."

Akarudi jua la utosi, mabega yamelowa, anahema. Akala sahani mbili. Bomba hakuuliza. Ila kabla ya kupanda lori nilimwona pale mlangoni mwa ghala, anaubandua ukurasa wake taratibu, kwa kucha.