Bushi Zisizolia

...na sasa gurudumu la mbele la lori limeigusa boriti iliyolazwa katikati ya uwanja, linaipanda polepole, baba yake kwenye usukani, na yeye kasimama mlangoni mwa gereji na kitambaa mkononi, roho juu, sikiliza, sikiliza, hakuna kitu, au injini inafunika, wapi, kelele zile hazifunikwi na injini, juzi mtaa mzima ulizisikia, lori zima na ukubwa wake likilia kwii kwii kama kitanda kibovu, na dereva akambatiza papo hapo, Fundi Panya, jina likamganda, hata mchomelea vyuma wa ng'ambo ya ua akawa anamwita kwa mluzi... na kosa lilikuwa nini, utii tu, baba alimfundisha tangu hajajua kushika spana, bushi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye tundu la springi, haipakwi grisi, grisi inakula mpira, basi naye akazifunga zile mpya zikiwa kavu, zile za poliyurethani, plastiki ngumu, alizombembelezea baba mpaka sauti ikamkauka, ngumu kama ukwato, hazichakai upesi, hazipwayi, akasahau kwamba mpira hujipinda wenyewe springi ikicheza, hizi zinasugua pini, na zikisugua kavu lazima zilie... "Zikilia tena narudisha mpira," baba alisema asubuhi, bila kupandisha sauti, "na wewe utarudi kuziba pancha," kuziba pancha, yeye, aliyeshusha ekseli ya nyuma peke yake... sasa gurudumu la nyuma, linapanda, puu, limeshuka, kimya... "Mbona halilii?" dereva anamuuliza pembeni, "Ulitaka lilie?" "Nilishalizoea, dada," mwache acheke, hakuwepo jana pini zote zilipotoka upya, kila moja ikafutwa, ikapakwa grisi nzito inayonata, ndani na nje, na baba amesimama pale pale akiiona sheria yake ya miaka yote inavunjwa na mwanawe wa kumzaa, akageuza uso... lakini litazame lilivyosimama, mabega sawa, baba akikanyaga breki haliyumbi, lori lile lile lililokuwa linakwenda upande kama mlevi, ni yeye huyo, mikono hii, nani mwingine... mbona baba anarudi nyuma, anaipanda tena boriti, mara ya pili hii, kichwa nje ya dirisha, kasikia nini, hapana, baba, hakuna kitu pale, nimekaza kila nati... "Wewe mchomeleaji!" ni baba, anapaza sauti, baba asiyepaza sauti, "Umesikia kitu?" na ng'ambo ya ua, "Sijasikia kitu, mzee!" "Basi zima mashine yako usikilize vizuri! Kazi ya binti yangu hiyo!" na gurudumu linapanda tena, taratibu, taratibu mno, wala hatafuti kelele, Mungu wangu, anaringa, mzee mzima anaringa na lori la watu, na yeye muda wote huu alidhani anapimwa... dereva anasema kitu, hakisikii, lori linarudi nyuma tena, na yeye yupo pale pale mlangoni, anafuta kwa kitambaa grisi iliyokwisha toka mikononi zamani.