Utepe wa Kupimia Visima

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, na hakuna aliyejali maji ya dunia. Niliwaonyesha picha za mito iliyokauka Iran na foleni za ndoo India. Walipiga miayo. Ndipo Jolene Penner, binti wa mkulima wa mahindi, akauliza, "Mwalimu Ochoa, na hapa Kansas maji ya chini ya ardhi yamebaki kiasi gani?"

Niliahidi kutafuta. Wiki nzima sikutulia.

Tukaanza kupima. Kila Jumamosi tulizunguka mashambani na utepe mrefu wa chuma, tukauteremsha visimani na kuandika maji yameshuka futi ngapi tangu kisima kichimbwe. Mwishoni namba zote zingesomwa mbele ya wakulima, kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wakaanza kuuliza wenyewe habari za Iran. Mzee Koehn, mmoja wa wakulima hao, alitupa kahawa, akatania, "Mkikuta mafuta, nusu yangu."

Verlin Penner, babake Jolene, alitusimamisha getini.

"Kisima changu si somo la mtu."

"Baba, ni namba tu."

"Namba hiyo hata benki walionikopesha wataisoma. Ikishatoka mdomoni hairudi."

Jolene hakubishana. Lakini Alhamisi, baba alipokwenda mnada wa ng'ombe, aliuteremsha utepe kisimani mwao peke yake. Kesho yake alinionyesha namba aliyoiandika kiganjani. Hakuna kisima kilichoshuka kama chao.

"Usiisome mkutanoni," nikamwambia. "Hajakuruhusu."

"Kwa hiyo nisome za majirani, ya kwetu niifiche?"

"Basi mwambie kwanza."

Alimwambia siku ya mkutano, wakiwa mezani. Verlin alisukuma sahani, akavaa kofia, akatoka na gari bila kusema anakokwenda.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nilikuwa karibu na mlango, nikikaa, nikisimama tena. Jolene alisoma jina baada ya jina, kila moja na namba yake, na watu wakajisogezasogeza vitini. Verlin aliingia amechelewa, akaegemea ukuta wa nyuma. Binti yake alimwona, akaishusha karatasi.

"Penner," akasema hatimaye. "Chetu nimekipima kwa kuiba. Namba ni ya baba, kama anataka kuisema."

Akakaa chini. 

"Verlin, sema bwana," akasema Mzee Koehn. "Changu wameshakisikia wote, na bado niko hai."

Verlin alikunja kofia, akaikunjua. "Futi sabini na nne. Nimejua tangu mwaka juzi." Akawatazama watu vitini. "Nilidhani ni mimi tu."

Akatoka kabla ya mtu kumjibu.

Jioni ile familia tisa zilikubaliana kupunguza kumwagilia mashamba. Jina la Penner halikuwamo. Kwa wiki tatu Verlin hakumsemesha binti yake zaidi ya "nipe chumvi," na Jolene alikuja darasani macho mekundu, akiniuliza kama alikosea. Nilimwambia kwamba kukipima kisima kwa siri alikosea, na mengine yote hakukosea. Hata mimi jibu hilo halikunitosha.

Mwezi wa tano nilipita barabara ya shamba lao. Upande wa kaskazini, mahali pa mahindi miaka yote, Verlin alikuwa anapanda mtama, ambao hunywa maji kidogo. Jolene alikaa naye ndani ya trekta. Nilisimamisha gari.

"Mtama utatosha kukiokoa kisima?" nikamuuliza Verlin.

"Sijui," akasema. "Muulize huyu, ndiye mwenye utepe."

Jolene alitazama mbele, akijizuia kucheka, na trekta likaondoka.