Noti Kumi za Baba

Jumapili moja saa tisa mchana niliketi kwenye kinanda mbele ya watu ishirini na wawili waliokaa kwenye viti vya maktaba, baba yangu akiwa mstari wa mbele kabisa. Nilimweka pale mimi mwenyewe. Nilitaka asikie vizuri.

Niseme ukweli: opera tuliyoiimba siku hiyo niliitunga ili kumwumbua baba. Ilikuwa fupi, dakika ishirini na tano, sauti tatu na kinanda, ya kuimbwa chumbani bila jukwaa wala pazia. Baba, mama na kijana wao wako mezani, baba anamfukuza kijana. Mwishoni baba anageukia kinanda na kuomba radhi ukurasa mzima, na kwenye kinanda ningekuwa nimekaa mimi. Watu wakiniuliza inahusu nini, nilijibu ni hadithi tu. Hadithi tu, na mwenye hadithi nilikuwa nimempelekea kadi ya mwaliko hadi mlangoni.

Kaka yangu aliondoka nikiwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa. Alikuwa ameacha chuo bila kumwambia mtu, na kwa miezi mitatu aliaga kila asubuhi na mkoba begani kana kwamba anakwenda masomoni. Mambo yalipojulikana, kesho yake alfajiri nilisikia mtu akifoka koridoni. Nilikuwa nimejifunika blanketi gubigubi, kwa hiyo maneno sikuyapata. Nilipata tuni yake tu: noti mbili, kimya kidogo, noti nane. Kisha mlango ukafungwa.

Kulipokucha nikamuuliza mama. Akaniambia, "Baba yako kamfukuza." Jioni baba aliporudi kutoka kazini nilimtazama kwa jicho ambalo mtoto hapaswi kumtazama nalo mzazi. Nikamuuliza kwa nini kamfukuza kaka; akanawa, akala, hakukana. Tangu siku hiyo hatukupata hata salamu ya kaka, na mimi na baba tukabaki watu wa shikamoo na marahaba.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kinanda kwa jirani, na nilikuwa na ugonjwa wa kuandika tuni ya kila kitu: muuza magazeti, kengele ya shule, jirani akimwita mbwa wake. Zile noti kumi niliziandika nyuma ya daftari la hesabu, na daftari hilo ninalo. Opera nzima imesimama juu ya noti hizo. Mle daftarini zimeandikwa juu, kwa ufunguo wa sauti za kike, ile alama inayotangulia noti, lakini hilo halikunishughulisha. Nikiwa na miaka tisa ufunguo mwingine sikuujua, kila kitu nilikiandika juu, hata honi ya lori. Kwa hiyo nilizishusha zikakaa kwenye besi, sauti nzito ya chini, mahali pa baba, nikazitafutia maneno: "Nenda. Mlango wako ni ule."

Mwimbaji wangu wa besi alikuwa Bucha, muuza nyama wa mtaani kwetu, mtu mwenye kifua kipana kama kabati. Mama wa kwenye opera aliimbwa na Msusi, anayenisuka mimi na nusu ya mtaa, na kijana aliimbwa na mwalimu wa hesabu. Bucha alilalamika tangu mazoezi ya kwanza.

"Dada, hii tuni inapanda pale maneno yanaposhuka. Najiona nimevaa kiatu cha mtu."

"Vaa hivyohivyo," nikamwambia.

Ukumbi wa maktaba tulipewa kwa heshima ya mama. Alifanya kazi pale miaka thelathini na moja, na hakuna msomaji aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikukaripia kwa mnong'ono, sauti ikipanda kidogo karibu na mwisho na kuanguka ghafla, mpaka ukajiona mwizi wa vitabu. Mimi niliona fahari kuwa mtoto wa mwanamke mpole namna ile. Nilimhurumia pia, kwa mume aliyempata.

Jumapili yenyewe Bucha akaja hana sauti. Alikuwa ameshinda siku mbili kwenye chumba cha barafu akipanga nyama. Akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Watu walikuwa wameshaketi, baba na shati lake jeupe lililonyooshwa pasi, mama pembeni yake na mkoba mapajani.

"Tuahirishe," mwalimu akanong'ona.

Miaka kumi na minane nimengoja, nikwamishwe na mafua ya muuza nyama? "Hatuahirishi. Bucha, sehemu zako utazisema tu, hata kwa kukoroma. Ila ile ya noti kumi lazima iimbwe."

"Nipe mimi," Msusi akasema. "Lakini besi siiwezi, niandikie juu."

Muda wa kuandika haukuwepo. Nikachomoa daftari la utotoni kutoka kwenye mfuko, nikamfungulia ukurasa wa nyuma. "Imba kama ilivyo hapa. Maneno unayajua."

Tukaanza. Mwalimu aliaga na mkoba wake, Msusi akapakua chakula cha kuigiza, Bucha akakoroma maneno ya baba na watu wakacheka kidogo kwa huruma. Kisha ukafika wakati wa kijana kufukuzwa. Nikainua mikono, maana pale nilikuwa nimeandika kinanda kinyamaze. Msusi akasimama kwenye nafasi ya mama na kuziimba zile noti kumi.

Sauti ile niliijua. Niliijua toka tumboni, na haikuwa ya baba. Ule mpando mdogo karibu na mwisho, ule mwanguko wa ghafla: mama yangu mtupu, mama aliyeacha mnong'ono. Kumbe sikuziandika juu kwa kukosa ufunguo. Niliziandika juu kwa sababu huko juu ndiko nilikozisikia.

Nilitakiwa kuingia na kinanda, sikuingia. Nikageuka kumtazama mama, nikaona midomo yake inatembea.

"Maneno yake siyo hayo," akasema. Alisema hivyo taratibu, kama anayemwonyesha msomaji kwamba kitabu amekirudisha rafu isiyo yake.

"Ni yapi, mama?"

"Toka. Usirudi hapa tena."

Yalikaa juu ya noti kila silabi mahali pake. Bucha aliguna. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni kama maji.

"Mama watoto, keti," baba akasema. Ndipo nilipotambua kwamba wote wawili walikuwa wamesimama.

"Niache niseme. Nilikuwa na hasira," mama akasema. "Nilidhani atarudi kabla ya chakula cha mchana. Halafu mtoto akaniuliza, nikaogopa macho yake." Akakaa, akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Baba, na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini. Zamu ya alfajiri, kule kwenye mitambo ya maji. Niliporudi nikakuta kitanda cha kaka yako kimetandikwa."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, mbona hukusema neno?"

Akatazama vidole vyake. "Ulikuwa na miaka tisa. Usingizi wako ulikuwa mpaka ushike nguo ya mama yako. Sasa ningekunyang'anya na yeye?"

Nilihesabu bila kupenda: sikukuu nilizokataa kurudi nyumbani, simu zake nilizoacha ziite mpaka zikate, mahafali yangu aliyosimama nje ya ukumbi kwa sababu kadi nilimpa mama peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikisema moyoni kila nikimwona. Kumbe anayeliwa alikuwa yeye, na mlaji ni mimi.

Watu wengine hawakujua waangalie wapi. Mwalimu bado alikuwa ameshika mkoba wa kuigizia. Bucha akaniinamia, akakoroma, "Tuendelee au tuwape watu chai?"

"Endeleeni," baba akasema, akaketi na kunyoosha shati. "Watu wameacha shughuli zao. Bado nini?"

"Bado ukurasa mmoja."

"Unasemaje?"

Sikuweza kumdanganya, si leo. "Baba anaomba radhi."

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Ombeni, nasikiliza." Akaweka mikono magotini, tayari kubeba na hilo pia.

Nikauchukua ukurasa mkononi mwa Bucha. Ulikuwa wa besi, wa chini sana kwangu, na mimi sijawahi kuwa mwimbaji. Nikakipa kinanda kisogo, nikamgeukia baba kwenye kiti cha mbele, nikaupandisha wimbo mpaka ukafika kwenye sauti yangu. Noti ya kwanza niliikosa. Nikaanza tena.