Pomboo wa Jumanne

Wiki nzima meli ilikuwa ikimcheka. Mlinzi wa nyangumi (ndiyo, kazi hiyo ipo, usikunje uso) alikuwa amesimamisha shughuli za watu arobaini kwa saa mbili kwa ajili ya nyangumi ambaye, aliposogea karibu, alionekana ana matawi. Gogo! Basi tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likafa, akawa Mama Gogo. Mpishi akamwita hivyo, mabaharia nao hivyo, na aliyezidi wote ni shemeji yake, mume wa dada yake, fundi mkuu wa mizinga, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. "Shemeji, kula taratibu," alikuwa akimwambia mezani, "chunguza kwanza, hicho kijiko kisije kikawa nyangumi."

Naye alicheka nao. Angefanyaje? Lakini moyoni aliungua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli ilikuwa ikitafuta gesi chini ya bahari, na nyuma yake iliburuta mizinga ya hewa inayopiga kishindo majini ili kupima miamba. Kabla haijalia, mlinzi husimama juu na darubini. Akiona pomboo, watu wangoje nusu saa tangu wazame. Akiona nyangumi-mdomo, wale adimu wenye mdomo uliochongoka kama shingo ya chupa, wangoje saa nzima, maana hao huzama chini sana na hukaa huko mpaka ukawasahau. Kishindo kikiwakuta chini, wanaweza kupanda mbio kwa hofu na kujidhuru hata wakafa. Bila sahihi ya mlinzi, hakuna mzinga unaolia.

Asubuhi hiyo, saa tatu na dakika arobaini, migongo miwili iliibuka mbali. Akaipiga picha mbili tatu, ikazama kimya kimya. Moyo ulimwambia kitu, lakini akakumbuka gogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa na kicheko. Akaandika kwenye fomu: pomboo, wawili. Saa nne na dakika kumi akatia sahihi, fomu ikashuka kwa shemeji.

Ndipo, kwa kukosa la kufanya, akafungua kamera na kuikuza ile picha.

Mgongoni mwa mnyama wa kwanza kulikuwa na mistari myeupe, miwili miwili, mirefu, imekwenda sambamba. Pomboo wakikwaruzana huacha michirizi mingi kama ya kitana. Miwili miwili ni ya madume ya nyangumi-mdomo, ambayo hupigana kwa meno mawili tu. Wa pili pezi lake lilikuwa limekatika kipande nyuma, kama mkate ulioumwa.

Walikuwa chini. Walikuwa chini pale pale, na mizinga ilibakiza dakika tano kabla ya kulia.

Hakukumbuka baadaye alivyoshuka ngazi. Alijikuta mlangoni kwa mafundi. "Simamisha! Shemeji, simamisha, si pomboo!"

"Umetia sahihi, Mama Gogo," akasema shemeji, mkono ukiwa juu ya swichi. Wengine wakaanza kucheka.

"Nilikosea. Ni nyangumi-mdomo. Wallahi ni wao."

Shemeji alimtazama usoni. Alichokiona huko kilimwondolea utani. Akautoa mkono kwenye swichi.

Wakangoja. Nahodha akaja kusimama naye juu, akitazama saa yake kila mara, naye akitazama maji mpaka macho yakamtoka machozi. Saa nne na dakika arobaini ikafika. Saa nzima imetimia. Bahari tupu.

"Kanuni imetimizwa," nahodha akasema, akamsogezea fomu mpya. "Sahihi."

"Siwezi."

"Kanuni inasema saa moja, mama."

"Wao hawajaisoma." Akamrudishia fomu. "Nifukuze nikifika nchi kavu. Sitii sahihi."

Dakika tano. Kumi. Alikuwa akiogopa wasiibuke kabisa, akaogopa pia kwamba ameona gogo jingine, akajichukia kwa kuogopa vyote viwili pamoja. Ilipofika saa tano kasoro dakika mbili, maji yakapumua. Pu! Mita mia tu kutoka mkiani mwa meli, juu kabisa ya mizinga. Mdomo uliochongoka, mgongo wa mistari. Kisha wa pili, mwenye pezi lililomegwa.

Meli nzima ilishangilia. Mpishi alitoka na mwiko mkononi. Shemeji alipanda ngazi mbili mbili, akamshika mabega. "Jina nimelifuta! Kuanzia leo mimi ndiye Gogo."

Lile pezi alikuwa ameliona mahali. Akarudisha picha nyuma, Alhamisi, Jumatano, Jumanne. Jumanne, siku moja baada ya gogo, alikuwa ameandika pomboo vilevile, wakangoja nusu saa, akatia sahihi, mizinga ikalia mchana kutwa.

Akaikuza. Pezi lile lile. Na ubavuni mwake, kimebanana naye kama kifaranga, kichwa kidogo chenye mdomo uliochongoka.

Akainua darubini. Wawili walikuwa wakivuta pumzi pale juu kwa utulivu. Alihesabu, akarudia, akarudia tena, mpaka wakazama.

"Shemeji, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

Akampa kamera. Shemeji alitazama picha, akatazama tarehe. Swichi ya Jumanne aliibonyeza yeye. Akavua kofia yake ya kazi.

"Labda yuko na wenzake," akasema polepole. "Bahari ni kubwa."

"Labda."

Akamgeukia nahodha, akaomba fomu ya Jumanne, ikaletwa. Shemeji akamvuta mkono pembeni, akanong'ona, "Wewe, leo umeshinda, iache hiyo. Ukiigusa watakufukuza. Nitamwambia nini dada yako?"

"Mwambie niliogopa kuchekwa," akasema, akakata neno pomboo kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: nyangumi-mdomo, mama na mtoto.