Choma, Nassibu!

Karatasi ilikuwa juu ya friji, imebanwa na glasi tupu ili feni isiipeperushe. Mwanaheri alikuwa ameisoma mara mbili bila kuigusa. Neno moja lilimkaba: wakazi. Wakazi wamechezea kifaa. Haikusema mkazi gani wala amekichezea vipi. Ilisubiri saini yake tu. Akishaiweka, fundi Ansbert angeng'oa ruta na kuitia begini, na nyumba nzima ya vyumba sita, pale Manzese, ingekosa mtandao.

"Mama, mie nimetumwa," alisema Ansbert. "Mara ya tatu hii. Waya nimebadilisha, nywila nimebadilisha. Nikifika inawaka, nikiondoka mnapiga simu. Ofisini wanasema nyumba za uswahilini ndivyo zilivyo. Watu wengi, mikono mingi."

"Ofisini wanasema. Na wewe unasemaje?"

Ansbert aliinamia simu yake.

Mwanaheri hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku watu wa bomba walipokuja na karatasi kama hii, ikidai bomba limetobolewa na wakazi. Mama yake, ambaye hakujua kusoma, aliweka dole gumba kwa adabu, kisha akawakaribisha chai. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu. Kila mtoto wa mtaa alilijua hilo. Maji yakakatwa, na miaka minne walibeba ndoo. Tangu hapo Mwanaheri alisoma kila kitu chenye nafasi ya saini, na darasa lake la saba akaliongezea magazeti ya kufungia vitumbua, vitabu vya umeme vya marehemu mumewe, na ubishi. Hata mtandao huu aliupigania yeye. Aligonga mlango wa kila mpangaji, akawajibu waliouita anasa, akapanda stuli na kupitisha waya darini kwa mikono yake.

Sesilia, mpangaji wa chumba cha uani, alisimama mlangoni akiwa ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Alifundisha Kiswahili wageni walioko ng'ambo, na wiki hiyo mtandao ulikuwa umemtupa nje ya somo mara tatu.

"Mama, naingia darasani saa tisa. Wakinikosa na leo, wamesema basi."

"Saa tisa bado," alijibu Mwanaheri. "Kaka Ansbert, keti. Sisaini nisichokiona. Nipe nusu saa."

"Nusu saa nitafanya nini, mama?"

"Utakunywa juisi ya ukwaju, na utatazama."

Aliitungua kalenda ukutani na kuigeuza. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika kila saa ambayo ruta ilizimika. Asubuhi mara nne, mchana mara sita. Usiku, hakuna. Ijumaa adhuhuri, hakuna.

"Ijumaa adhuhuri kuna nini?" Ansbert aliuliza, bila kutaka.

"Jirani yetu Nassibu amefunga karakana, yuko msikitini. Mashine yake ya kuchomelea mageti inavuta umeme, balbu zangu zinafifia. Lakini zinafifia tu, kufumba na kufumbua. Ruta inakufa dakika tano. Hapo ndipo nilipokwama."

Akatoka uani, akapaza sauti juu ya ukuta. "Nassibu! Choma!"

"Nichome nini, shangazi? Geti nimeshamaliza!"

"Choma chochote! Choma hata hicho kiti ulichokalia!"

Vijana wa karakana wakaangua kicheko. Kisha mashine ikanguruma. Balbu ikafifia, ikarudi. Taa za ruta zikazimika zote. Na friji, ambayo mngurumo wake ulikuwa umezoeleka hata hakuna aliyeusikia, ikanyamaza.

Ukimya huo ndio uliomshtua. Mwanaheri alipiga magoti, akapenyeza mkono nyuma ya friji, akaufuata waya wa ruta kwa vidole hadi kwenye friji gadi, kile kiboksi kinachokata umeme ukishuka, kisha kuuzuia dakika kadhaa ili friji isiungue. Kilikuwa kimewaka taa nyekundu. Plagi mbili zilichomekwa humo, ya friji na ya ruta.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusogeza friji hiyo.

Alibaki amepiga magoti, vumbi limemjaa kiganjani. Ansbert alikuwa na glasi yake, Sesilia akitazama saa. Angeweza kuichomoa ruta kimya kimya, akainuka na hasira yake ikiwa nzima. Hasira ya miaka yote ile, na leo ilikuwa imekosa mtu wa kuiangukia ila yeye.

"Njooni muone," alisema hatimaye. "Nimeichomeka mimi, siku ya kwanza. Niliona friji inalindwa, nikasema na hii ilindwe."

"Mama, si ungenyamaza tu," Sesilia alinong'ona.

"Ninyamaze, lawama abebe nani? Nyie?"

Akaihamishia ruta kwenye soketi ya ukutani, akasubiri taa zote zikae sawa. "Nassibu! Tena!"

Balbu ikafifia. Taa za ruta hazikutikisika. Sesilia alikwishakimbilia chumbani kwake.

Mwanaheri akachukua kalamu, akakata mstari mzima wa wakazi, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: *Mwanaheri binti Faraji aliichomeka kwenye friji gadi. Mwanaheri binti Faraji amegundua. Ruta inabaki.* Akatia saini.

Ansbert aliisoma, akatikisa kichwa, akaikunja. Begi lake liliondoka jepesi. Kabla hajafika getini simu yake ikaita, akapokea.

"Yule mteja wa Tandale? Usimng'olee bado. Muulize kachomeka wapi. Ndiyo, aangalie nyuma ya friji. Aa, nimegundua leo hii."

"Kaka Ansbert!" Mwanaheri alikuwa kibarazani, kidevu juu. "Amegundua nani?"

Fundi alisimama, simu sikioni. Dirishani kwa Sesilia sauti ngeni ilikuwa ikirudia neno polepole, silabi kwa silabi. Ng'ambo ya ukuta cheche zikaruka, balbu ya kibarazani ikafifia, na ile sauti ikaendelea.

"Ngoja," Ansbert aliiambia simu. "Ngoja niseme vizuri."