Koti Juu ya Televisheni

Kwanza niseme, lile dude sikulitaka mimi. Alilileta mume wangu Abdallah kutoka Dar es Salaam, miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye duka anatafuta cha kuuza ambacho jirani hana. Jirani kaleta mitumba, naye kaleta mitumba. Jirani kaleta sukari ya Malawi, naye hataki kupitwa. Mwisho akarudi na televisheni, mashine ya gemu na pedi mbili za kubonyezea, akavipanga kwenye chumba cha mbele cha duka letu pale Bondeni, Kyela mjini. "Mwanaheri, hii ndiyo biashara ya sasa," akaniambia. Halafu huyo, akarudi kwenye safari zake za mchele, akaniachia vijana na kelele zao.

Gemu lenyewe la kupigana. Unachagua mtu wako, mwenzio anachagua wake, mnatwangana hadi mmoja alale. Wapiganaji ni wanaume watupu. Huyu kavaa chuma mwili mzima, yule koti la ngozi, mwingine buti hadi magotini. Mwanamke mmoja tu, na huyo mmoja, hee! Wamempeleka vitani na vitambaa viwili na viatu vya kisigino. Kifua wamemjaza mpaka unajiuliza anapumuaje, kiuno wamekiminya utadhani hana utumbo. Mwanaume akipigwa, anaguna. Yeye akipigwa anatoa sauti ambayo mwanamke mwenye heshima zake haitoi mbele za watu. Wenzake wakishindwa wanaanguka puu, basi. Yeye wamempangia alale chali, polepole, ili watu waangalie vizuri. Wallahi siku ya kwanza nilichomoa waya nikawatoa wote nje.

"Ni katuni tu huyu, Mama Shabani," akasema Dickson, anacheka. "Katuni haoni aibu."

"Na aliyemchora?" nikamuuliza. "Naye haoni?"

Huyu Dickson alikuwa mteja wangu mkubwa. Kijana mtanashati, anavusha sukari kule mpakani Kasumulu, mdomo mtamu, shikamoo hazimkauki. Akija hamchagui yule mwanamke. Anataka mwenzake amchague, ili yeye apate kumpiga. Na alimpa jina. "Nileteeni Tusekile wangu," anasema, "leo atanikoma." Vijana wanavunjika mbavu. Jina likashika, ikawa duka zima ni mpige Tusekile, mmalize Tusekile.

Tusekile lilikuwa jina la mke wake.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba baba yake Dickson alikuwa anasikia yote. Mzee Nsajigwa alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza yetu, mgongo kaupa mlango wa chumba cha gemu, koti lake jeusi halimtoki hata jua liwake vipi. Mkewe alikwishafariki. Mtoto alikuwa naye huyo Dickson peke yake, kwa hiyo mkwe wake ni mmoja tu, Tusekile. Kila jina lile likipigiwa kelele ndani, mguu wa mzee ulisimama kidogo kwenye cherehani, halafu ukaendelea.

Na kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mimi mtu wa Kilwa, nilipohamia huku nilishangaa. Binti akimwona baba mkwe njiani anaacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa, anampa mgongo, khanga kaivuta mpaka usoni, mzee apite. Mzee naye hamtazami, hamsemeshi, hatii mguu nyumbani kwake. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Wengi siku zile walikwishalegeza, ila Mzee Nsajigwa hakulegeza hata kidogo. Nguo za Tusekile alizishona yeye, na uso wake hajawahi kuuona. Enzi za uhai wake, mkewe ndiye aliyekuwa anampima binti kwa kamba, anaipiga mafundo, anamletea mzee.

Kwa hiyo Tusekile hakukanyaga baraza yangu hata siku moja, wala ndani ya kile chumba hakupajua. Alikuja kwa mlango wa uani, na ndizi zake mbivu, tunakaa jikoni tunapiga soga. Huko ndiko nilikoona mambo. Leo jicho limevimba, kesho mkono haukunjiki. "Niliteleza kisimani, dada." Kisima gani hicho kinaacha alama za vidole shingoni? Nilimpenda yule binti kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nilikuwa naogopa Dickson atamuua, na woga huo nilikuwa nalala nao.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akaniambia hayo ni mambo ya ndani ya watu. Nikamvaa Dickson mwenyewe, akanicheka, akaniuliza kama duka langu limechoka wateja. Nikabaki na mzee.

"Mzee, mwanao anampiga mkewe. Ipo siku atamuua."

Mguu ukasimama. "Nasikia," akasema. "Nikisikia natoka, nafika kwenye migomba, nasimama. Kule siingii, Mama Shabani. Hata moshi wa jiko lake naupita mbali."

"Hata akifa?"

Akaanza kushona tena. Nilipandwa na hasira, nikatamani kuipindua ile cherehani na vitambaa vyake vyote.

Masika ikaingia. Mvua ya Kyela mnaijua, ikija na upepo haijali kama umekaa barazani. Siku moja mzee akavikumbatia vitambaa vya watu akaviingiza kwenye chumba cha gemu, mara ya kwanza kuvuka kile kizingiti tangu televisheni ifike. Aliko, kijana mmoja wa baiskeli za abiria, alikuwa anamchezesha yule mwanamke. Mzee alipoingia tu, mwanamke akaacha kupigana. Akatembea hadi pembeni kabisa mwa kioo, akageuka, akachuchumaa, akatupa mgongo.

"Pedi imekufa hii," Aliko akalalamika, anabonyeza kwa hasira. Wakabadilisha pedi. Wapi! Mpinzani anamtwanga, yeye kachuchumaa vilevile. Mzee akaweka vitambaa kwenye meza, akatoka bila hata kukitazama kioo. Mwanamke akainuka akaendelea na vita vyake.

Tulicheka. Mzee aliporudi kuchukua uzi na mambo yakawa yaleyale, tulicheka kidogo. Mara iliyofuata hakucheka mtu. Aliko akaiweka pedi chini taratibu, kama sufuria la moto.

"Mama," akaninong'oneza, "anamkwepa mzee. Huyu ni mkwe."

"Mkwe wa nani, we mtoto?" nikamfokea, ingawa jibu nilikuwa nalo. Mzee alikuwa na mkwe mmoja. Nikamtazama tena yule mwanamke pale pembeni. Wenzake kijijini hujifunika khanga. Yeye waliomtengeneza hawakumpa kitu, alikuwa anajifunika uso kwa viganja vyake. Nilitaka kulia.

Tangu siku hiyo vijana hawakulitamka lile jina. Alilitamka Dickson peke yake. Alipoambiwa alipasua kicheko, akasema gemu limeharibika, akamlazimisha mtu amchague mwanamke. Mwanamke akasimama katikati ya kioo, mikono kaining'iniza, hajitetei. Dickson akampiga jioni nzima. Vijana wakawa wanatoka mmoja mmoja.

"Mnaona?" akasema, anafuta jasho. "Sasa ana adabu."

Kesho yake Tusekile hakuja uani. Nikajipa moyo kwamba ni mvua. Alasiri ikapiga radi moja, umeme ukakatika Bondeni nzima. Taa yangu ikazima, redio ya jirani ikanyamaza. Televisheni haikuzima.

Astaghfirullah. Pedi zote mbili zilikuwa sakafuni, hazijashikwa na mtu. Vijana walikuwa wamejibana ukutani. Kwenye kioo yuko mwanamke peke yake, mpinzani hakuna, na bado anapigwa. Kichwa kinaenda huku, kinaenda kule. Anaanguka, anajiinua kwa magoti, anaangushwa tena. Na ile sauti ya kipuuzi ya siku zote haikuwapo. Alikuwa analia kama mtu. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo jikoni kwangu.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Mzee Nsajigwa, njoo!"

Akaingia, amelowa. Mwanamke akamwona. Sijui niseme vipi, ila alimwona. Akaanza kujiburuta kwa viwiko kwenda pembeni, akajaribu kugeuka ampe mgongo, hakuweza. Akainua kiganja kukipeleka usoni, kikaanguka njiani. Akabaki hivyo, uso wazi mbele ya mzee.

Mzee akainamisha macho. Akavua koti, akaisogelea televisheni huku uso kaugeuzia ukutani, akalitandaza juu yake, akalivuta pande zote na kulipapasa kama unavyomfunika mtoto mwenye homa. Kilio kikakatika palepale.

"Mama Shabani, twende," akasema.

"Wapi?"

"Kule nisikoingia."

Tulikimbia kwenye mvua, mzee mbele na shati lake, mimi nyuma kandambili mkononi, Aliko anasukuma baiskeli. Nyumba ya Dickson ilikuwa ng'ambo ya migomba ya mzee, na mzee hakutafuta njia ya kuzunguka. Alipofika kwenye migomba ya mwisho akasimama. Nikataka kumsukuma, lakini kabla sijamgusa akavuka uwanja, akausukuma mlango. Umefungwa kwa ndani. Akaupiga bega, akaupiga tena pamoja na Aliko, komeo likang'oka.

Dickson alikuwa katikati ya chumba, jasho linamtiririka, mwichi mkononi. Hakushtuka kutuona. Alikuwa anainua godoro, anachungulia chini ya kitanda, anatazama nyuma ya mlango.

"Baba, mmemwona Tusekile?" akauliza. "Alikuwa hapahapa. Mlango nimefunga mwenyewe. Katokaje?"

Tusekile alikuwa amelala sakafuni, miguuni pake. Dickson akamruka kwenda kutafuta nyuma ya magunia ya sukari.

Aliko akauchukua ule mwichi mikononi mwa Dickson, na Dickson akauachia bila hata kuutazama. Mzee akapiga magoti. Jicho moja la Tusekile lilikuwa linafunguka. Akamtambua aliye mbele yake, na mkono wake uliovunjika vidole ukaanza kutambaa kutafuta khanga ajifunike. Mzee akaushika.

"Acha, mwanangu," akasema. "Acha. Leo nakuona."

Nililia pale kama mwehu, sijali nani ananitazama.

"Mnaongea na nani?" Dickson akauliza. "Baba, unaongea na nani hapo chini?"

Polisi walioitwa na majirani walipokuja kumchukua Dickson, alikuwa bado anauliza. Sisi tulikwishampandisha Tusekile kwenye baiskeli, Aliko anasukuma, mzee kamshika upande huu na mimi upande ule, mpaka hospitali.

Niliporudi dukani umeme ulikuwa haujarudi na kioo kilikuwa cheusi. Nikalichukua koti ili nimrudishie mwenyewe. Bitana yake ilikuwa imelowa. Nikadhani ni mvua, mpaka asubuhi nilipolianika nikaona ni damu. Mzee hakuwa na jeraha lolote. Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko, sikuthubutu kulifua.

Nikaenda nalo hospitali siku Tusekile alipoanza kuzungumza. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa wodi, nusu ndani nusu nje, bado hajajizoeza. Tusekile alinishika khanga akanivuta karibu.

"Dada, nani alinifunika?"

"Kukufunika wapi, mdogo wangu?"

"Kule nyumbani, kabla hamjafika. Nilikuwa nimekata tamaa, nasema sasa nakufa. Nikafunikwa na kitu kizito, kina joto, kinanuka mafuta ya cherehani. Dickson hakunipiga tena. Nikawa namsikia ananitafuta, anapita juu yangu, hanioni. Ni nani, nimwambie ndaga, nimshukuru?"

Nikalitoa koti kwenye mfuko nikaliweka kitandani. Akalivuta hadi puani, akafumba macho.

"Ndilo hili," akasema.

Mzee alikuwa amesimama. Akaingia wodini taratibu, hatua moja halafu nyingine, hadi ubavuni mwa kitanda. Tusekile hakujifunika.

"Ni langu," mzee akasema. "Lakini mwanangu, mimi nilifunika televisheni."

Tusekile akamtazama yeye, akanitazama na mimi.

"Televisheni gani?" akauliza.