Vidole Vinne vya Pindo

"Wifi, kimebaki chako tu," alisema dada wa mumewe, akisukuma mikunjo ya kitambaa kikubwa ipate nafasi mezani. "Gari linaondoka saa nane."

Fundi alijifanya anatunga uzi kwenye sindano, kumbe uzi ulishaingia zamani.

Kwa miezi minne wanawake wa bondeni walikuwa wakikishona kitambaa hicho kwenye chumba chake cha kushonea, kila nyumba iliyochukuliwa mtu na mafuriko ikileta kipande: kola ya shati, mfuko wa suruali, foronya yenye doa la chai. Cherehani yake ndiyo iliyowaunganisha marehemu wote wale, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mbona wa kwake hayumo. Leo kilikuwa kinapelekwa kutundikwa kwenye ukumbi ambako wakubwa wa dunia wangejadili moshi wa viwanda vyao, na mvua ambazo siku hizi zinamwaga msimu mzima kwa siku moja.

"Wenyewe wanaita majanga ya asili," wifi alisema. "Asili gani hiyo? Tukiwasomea takwimu wanapiga miayo. Hiki hawatakipigia miayo."

"Najua."

"Basi mtoe mwanao naye aonekane."

Gauni la shule la binti yake lilikuwa kwenye droo ya cherehani. Siku ya maji lilikuwa hapa kazini likisubiri kifungo, na mtoto alikuwa nyumbani. Gauni likapona.

"Nikilikata nitabaki na nini, wifi?"

Wifi akavuta kigoda, akakaa karibu yake.

Fundi akalitoa. Bluu yake ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni. Akashusha mkono hadi chini, vidole vikagota kwenye pindo nene. Mtaa mzima ulimcheka kwa mapindo yake. Hakushona nguo ya mtoto bila kuacha upana wa vidole vinne wa kukunjia ndani, na wazazi wakimtania kwamba anashonea majitu, huwajibu, "Ngojeni, mtanikumbuka mwakani watakaporefuka." La binti yake alikuwa hajalishusha hata mara moja.

Akachukua wembe, akafumua mshono taratibu. Pindo likafunguka. Ndani kitambaa kilikuwa bluu iliyokoza, mpya kabisa, hakijawahi kuona jua.

"Hii ilikuwa ya darasa la nne," alisema, akipima kwa kidole. "Hii ya la tano. Hii..."

Akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. Alipotulia akakata pindo lote, gauni lililobaki akalirudisha kwenye droo.

Alilishona pindo kwa mkono, kwenye nafasi ambayo wenzake walikuwa wamemwachia tangu mwanzo bila kusema. Nje gari likapiga honi. Wifi akainama kukagua.

"Hapo chini umekunja kitambaa kingi mno, wifi. Nusu yake haionekani."

Fundi akatazama. Kweli, mikono ilikuwa imejikunjia yenyewe, vidole viwili vizima, kama ilivyozoea. Akaushika wembe. Akauweka chini.

"Kiache," alisema, akiulainisha mkunjo kwa kidole gumba.

Honi ikalia tena. Aliendelea kuulainisha.